Lettow-Vorbeck baada ya Abercorn: maofisa, wafanyakazi na jamhuri changa ya Ujerumani

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji wetu, mlio nyumbani na mlio safarini. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Elia. Leo tunaye mtu ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

ELIA: Yule wa Tanga, Novemba 1914.

ZUHURA: Huyo huyo. Masomo ya shule yalituishia Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Tarehe 25 Novemba 1918 alisalimisha silaha pale, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika zaidi ya 1,000, na wapagazi wengi kuliko hao wote. Askari walibaki wakidai mishahara yao ya miaka ya vita, yeye akapanda meli kurudi kwao. Nataka tumfuate huko, kwa sababu mwaka 1919 haujaisha tayari anaongoza majeshi kuingia katika mji wa Wajerumani wenzake.

ELIA: Basi kwanza tueleze alikuta nini, dada. Aliiacha nchi ya Kaisari, akarudi akakuta jamhuri.

ZUHURA: Mwisho wa Oktoba 1918 wakuu wa jeshi la majini walipanga kuzitoa manowari Wilhelmshaven zikapigane na Waingereza, ilhali serikali yao imeshaanza kuomba amani. Mabaharia wakaelewa kwamba wanapelekwa kufa ili maofisa walinde heshima yao. Kwenye baadhi ya meli wachochea makaa walizima moto wa matanuri, meli isiende popote. Wakakamatwa. Wenzao wakaasi Kiel tarehe 3 na 4 Novemba, na kwa siku chache tu mabaraza ya wafanyakazi na wanajeshi yakawa yameshika miji mingi. Tarehe 9 Kaisari hana kiti tena.

ELIA: Na jamhuri ikatangazwa mara mbili siku hiyo hiyo. Scheidemann wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, aliitangaza kwenye jengo la Bunge, halafu Karl Liebknecht, kiongozi wa wanamapinduzi, akatangaza ya kwake, ya kisoshalisti, kwenye kasri la Kaisari.

ZUHURA: Kisha ikaja ile simu. Friedrich Ebert, kiongozi wa SPD aliyekabidhiwa serikali, alizungumza na Jenerali Groener aliyekuwa makao makuu ya jeshi, Spa, Ubelgiji. Makubaliano yao yalikuwa hivi: jeshi liilinde serikali mpya, na serikali iwazuie wanamapinduzi na kuwaachia maofisa mamlaka yao juu ya wanajeshi. Mimi naona jamhuri ilipinda pale pale, siku ya kwanza.

ELIA: Hapo tutabishana. Ebert alikuwa na mamilioni ya wanajeshi wa kurudisha nyumbani. Watu wana njaa, na kizuizi cha baharini cha Waingereza na washirika wao kiliendelea hadi Julai 1919. Nani mwingine angepanga treni za kuwarudisha watu wote wale?

ZUHURA: Treni sawa, nakubali. Lakini mwezi Desemba treni zilikuwa zinaendelea, na yeye angeweza kuanza kuunda jeshi la watu wanaoiamini jamhuri. Badala yake maofisa wakaruhusiwa kuandikisha vikosi vya kujitolea, Freikorps. Mmoja wa waanzilishi wake ni Jenerali Maercker. Unajua alianzia wapi kazi ya ukoloni? Huku pwani kwetu, enzi za kamanda wa Kijerumani Wissmann, wakati wa vita vya Abushiri. Wajerumani walimnyonga Abushiri Pangani Desemba 1889. Baadaye Maercker akapigana Namibia. Ukifuatilia majina ya makamanda wa Freikorps, wa makoloni wanajirudia: von Epp, aliyeingia Munich Mei 1919 kuvunja serikali ya mabaraza, naye alipita Namibia wakati wa vita dhidi ya Waherero.

ELIA: Halafu Januari 1919, Berlin.

ZUHURA: Wafanyakazi wenye silaha waliteka ofisi za magazeti, uasi usio na mpango wala uongozi mmoja. Gustav Noske wa SPD akakubali kuukandamiza, akasema lazima mtu mmoja awe mbwa wa damu. Usiku wa tarehe 15 Januari Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi mwenzake Liebknecht, na Liebknecht mwenyewe walipelekwa Hoteli ya Eden, kwa Kapteni Pabst. Rosa alipigwa kitako cha bunduki mlangoni, akapigwa risasi ndani ya gari, akatupwa kwenye mfereji wa Landwehr. Mwili ulionekana mwisho wa Mei. Huyu alikuwa mwanamke aliyeandika kwamba uhuru ni uhuru wa anayefikiri tofauti. Kila nikifika hapa naumia.

ELIA: Na Lettow anafika lini?

ZUHURA: Tarehe 2 Machi 1919 alipita Lango la Brandenburg juu ya farasi, na maofisa wake wamevaa sare za koloni, umati unashangilia. Ndiye kamanda waliyemwona hakushindwa, na Wajerumani walikuwa na kiu ya mtu kama huyo. Sasa sikiliza tarehe: kesho yake, tarehe 3, mgomo mkuu ulianza Berlin hiyo hiyo. Noske akaamuru kwamba yeyote atakayekutwa na silaha akipigana na serikali auawe papo hapo. Waliokufa mwezi ule ni kama 1,200.

ELIA: Mji mmoja, siku mbili zinazofuatana. Hilo sikuwahi kuliona likiwekwa pamoja.

ZUHURA: Twende Hamburg, Juni. Mbele ya kiwanda cha nyama cha mtu anaitwa Heil pipa linapasuka, linamwaga uchafu unaonuka. Watu wenye njaa ya miaka wakaamini wamekuwa wakilishwa mbwa, paka na panya. Wakamkamata Heil, wakamtupa majini, kwenye Alster. Fujo ikasambaa mpaka kwenye jengo la manispaa, wakapigana na kikosi cha kujitolea kilicholetwa kuwazima. Noske akamtuma Lettow-Vorbeck na wanajeshi kama 10,000. Waliingia tarehe 1 Julai, wakati ghasia zimeshapoa.

ELIA: Kwa hiyo waliingia kufanya nini?

ZUHURA: Kuonyesha nani mwenye mji. Sisemi Hamburg ilifanyiwa yaliyofanywa kusini mwa Tanganyika wakati wa Maji Maji. Haikufika hata karibu. Nasema walitumwa watu waliozoea kuwaona raia kama adui.

ELIA: Lakini huyu bado anatii serikali. Mwaka uliofuata akaigeuka.

ZUHURA: Ndiyo. Mkataba wa Versailles uliitaka Ujerumani ibaki na jeshi la watu 100,000. Maelfu ya wanajeshi wangekosa kazi. Brigedi ya Ehrhardt, moja ya Freikorps, ilipoambiwa ivunjwe, Jenerali von Lüttwitz akakataa. Alfajiri ya 13 Machi 1920 brigedi ile ikaingia Berlin, wengine wakiwa na swastika kwenye kofia zao za chuma, na mtumishi wa serikali anayeitwa Wolfgang Kapp akatangazwa kansela. Von Seeckt na wakuu wengine wa jeshi wakakataa kuwazuia. Na kule Schwerin, Lettow-Vorbeck akaiondoa serikali halali ya jimbo la Mecklenburg na kumuunga mkono Kapp.

ELIA: Makubaliano ya kwenye simu yakafia hapo.

ZUHURA: Na jamhuri ikaokolewa na nani? Wafanyakazi, kaka. Mamilioni waligoma. Treni hazitembei, umeme na maji vimekatika, makarani wa wizara wakakataa amri za Kapp. Ilipofika tarehe 17 Kapp alikuwa amekimbia. Ehrhardt akiondoka mjini, kijana mmoja akawacheka wanajeshi. Wakampiga, umati ukazomea, wakafyatua risasi kwenye umati.

ELIA: Nakubali hoja yako kwa sehemu: nguvu ya wafanyakazi ilikuwepo tangu mwanzo. Ila mgomo unasimamisha nchi, hauwezi kulinda mpaka.

ZUHURA: Sawa, kwa mpaka utahitaji jeshi. Lakini tazama kilichofuata. Bonde la Ruhr wafanyakazi hawakurudi kazini, wakaunda jeshi lao jekundu la watu kama 50,000, wakaishika Essen na Dortmund. Serikali waliyoiokoa ikawatumia jeshi na Freikorps, baadhi yao wakiwa wale wale waliomuunga mkono Kapp wiki chache kabla. Waliuawa wafanyakazi zaidi ya 1,000, wengine wameshakamatwa.

ELIA: Na Lettow?

ZUHURA: Aliondolewa jeshini, gerezani hakuenda. Mwaka 1928 akachaguliwa mbunge kupitia DNVP, chama cha wazalendo wa kulia, akakaa bungeni mpaka 1930. Alifia Hamburg, mji ule ule, mwaka 1964.

ELIA: Kipindi kijacho hatutoki Hamburg. Tutakuwa na Ernst Thälmann, kiongozi wa wakomunisti wa mji huo, na uasi wao wa Oktoba 1923.

ZUHURA: Na tutaanzia vituo vya polisi vilivyovamiwa alfajiri ya tarehe 23. Kwaherini.