Filamu Moja, Miji Mitatu: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Filamu

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za asubuhi. Nashukuru sana kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa filamu kwa timu ambayo watu wake hawakai chumba kimoja: mpiga picha yuko Kigoma, mhariri yuko Dar es Salaam, fundi wa sauti yuko Nairobi. Wengi wenu mtafanya kazi hivyo, maana bajeti zetu hazina nauli ya kumkusanya kila mtu mahali pamoja kwa miezi. Mimi ni mhariri, na ninachokiamini ni hiki: kazi za namna hii hukwama kwa sababu watu hawakukubaliana mapema juu ya mambo madogo, ambayo mwanzoni yanaonekana hayana uzito.

Programu zipo. Mwezi Machi 2025 filamu ya katuni ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilichukua tuzo ya Oscar. Imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo yeyote kati yenu anaweza kuipakua leo bila kulipa hata senti, na kazi yenyewe iligawanywa kati ya Latvia, Ubelgiji na Ufaransa. Upande wa kuhariri, DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kumaliza filamu nzima, rangi na sauti humo humo. Kwa hiyo tusipoteze muda kulalamikia vifaa.

Tatizo letu ni mtandao, na hapo naomba mtoe kalamu. Chukueni kamera ya 4K inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo saa moja ya picha ni gigabaiti 45. Mpiga picha wetu wa Kigoma ana intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde. Pigeni hesabu: ni saa 20 mfululizo, umeme usikatike, mtandao usiyumbe, bando lisiishe. Na hiyo ni saa moja tu ya picha.

Sasa fanyeni hivi. Kabla ya kutuma chochote, mpiga picha anatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, yaani proksi, kwa ukubwa wa pikseli 720 kwa kimo na megabiti 3 kwa sekunde. Saa ile ile moja inakuwa gigabaiti 1.35, na inapanda kwa dakika 36. Jioni anaiacha inapanda wakati timu inakula, na usiku huo huo mhariri wa Dar ameanza kukata. Picha halisi zinabaki kwenye diski, na diski inasafiri kwa basi mkononi mwa mtu mnayemwamini. Ikifika, mhariri anaielekeza programu kwenye faili kubwa, na kila alichokata kwenye nakala nyepesi kinahamia kwenye picha halisi.

Programu inajuaje kwamba klipu hii ni ya faili lile? Inaangalia jina la faili na taimukodi, ile saa iliyoandikwa ndani ya klipu. Basi! Mtu akibadilisha jina katikati ya safari, akaandika «mama analia nzuri», uhusiano umekatika, na mhariri atakaa usiku kucha akitafuta kwa macho. Ndiyo maana nakataza kutuma klipu za kazi kwa WhatsApp kama video za kawaida: zinakamuliwa ubora, na jina linabadilishwa. Ikibidi kabisa, tumeni kama dokumenti, faili litafika lilivyo. Mkitaka kupanga majina yenu, pangeni siku kadi inapotoka kwenye kamera, kabla proksi haijazaliwa. Baada ya hapo, mkono usiguse.

Jambo la pili ni fremu, zile picha moja moja zinazounda video. Kubalianeni fremu 25 kwa sekunde na muiandike kwenye karatasi ya kwanza ya mradi. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hertz 50, kwa hiyo shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde inaelewana na taa za ndani. Ukiweka 1/60, taa nyingi zitapepesa kwenye picha, na kupepesa huko kukishaingia, kuondoa ni kazi ngumu. Angalieni hasa simu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 ambazo mwendo wake unapanda na kushuka, kwa hiyo mahojiano marefu huanza vizuri, kisha midomo inaachana na sauti taratibu. Tumieni programu ya kamera inayofunga mwendo wa fremu, na sauti iwe kilohertz 48 kwa wote.

Mnaweza kuniambia kwamba filamu ya Life in a Day ilitengenezwa bila makubaliano yote hayo. Kweli. Watu walijirekodi tarehe 24 Julai 2010, zikaja video 80,000 kutoka nchi 192, jumla ya saa 4,500, kila mtu na kamera yake, na mwongozaji Kevin Macdonald akapata filamu ya dakika zipatazo 95. Lakini nyuma yake palikuwa na kikosi cha wachambuzi wakitazama na kupanga kila kipande. Ninyi kikosi chenu ni mhariri mmoja.

Kuhusu maoni nitasema kwa ufupi. Mwongozaji asiandike «pale mwanzoni panachelewa». Aandike dakika, sekunde na fremu, na aseme anachotaka kukihisi. Frame.io na programu za aina hiyo zinabandika maoni juu ya fremu yenyewe, lakini hata jedwali la pamoja mtandaoni linatosha. Na sini moja ihaririwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Nakala za akiba, jamani. Mwaka 1998 pale Pixar, studio ya filamu za katuni, wakitengeneza Toy Story 2, amri ya kufuta iliendeshwa kimakosa na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifai. Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, alikuwa amejifungua na anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Wakaifunga kwa mablanketi, wakaisafirisha kwa gari hadi studio, na filamu ikaokoka. Mfanyakazi wa mbali ndiye aliyeiokoa. Kwa hiyo nakala ziwe tatu, na moja ikae mji mwingine. Na zifunguliwe! Faili ambalo hakuna aliyelicheza msilihesabu kama nakala. Kadi ya kamera isifutwe mpaka klipu zimechezwa kutoka diski mbili.

La mwisho ni kumkabidhi fundi wa sauti wa Nairobi. Picha ikishafungwa, yaani mmekubaliana hakuna kukata tena, mpelekeeni video nyepesi yenye taimukodi inayoonekana kwenye kioo, pamoja na faili la AAF, linalobeba mpangilio wa sauti kutoka programu ya kuhariri kwenda programu ya sauti. Sekunde mbili kamili kabla ya fremu ya kwanza wekeni bipu, yaani mlio mfupi, ya urefu wa fremu moja, na nyingine sekunde mbili baada ya fremu ya mwisho. Kazi yake ikirudi, bipu zake zikikaa juu ya zenu, sauti imefika salama. Ya mwanzo ikilingana na ya mwisho ikachelewa, kuna mtu alibadilisha mwendo wa fremu. Mtafuteni kabla hamjagusa kitu kingine.

Muda uliobaki ni wa maswali. Waliokaa nyuma waanze.