Maziwa Yaliyochemshwa Hayajafa

Hili nimelisema kwenye mikutano ya wafugaji mpaka mke wangu ananicheka, na leo nalirudia. Kila ninakokwenda anasimama mzee: "Mwanangu, maziwa ukiyachemsha umeyaua, protini imeondoka na mvuke." Mzee wangu, kinachoondoka na mvuke ni maji. Protini imebaki sufuriani, na nyingine iko kwenye ule utando wanaougombania watoto.

Tazameni glasi hizi. Hii ni maziwa mabichi, ile yamechemshwa yakapoa. Kabla hatujaanza nimezitia zote matone sawasawa ya reneti, ile dawa ya kugandishia jibini. Dada wa mbele, hebu inamisha ya kwanza. Haimwagiki, sivyo? Kisu kinakata. Ya pili je? Uji uliokosa unga! Mimi niliwahi kuharibu ndoo nzima hivyohivyo, nikailaumu reneti wiki nzima. Kosa lilikuwa moto wangu.

Katika protini ya maziwa ya ng'ombe, kama asilimia 80 ni kaseini, ndiyo inayoganda. Zilizobaki huelea kwenye majimaji. Moto ukipita nyuzi 70 hivi, hizi za majimaji hukunjuka zikaing'ang'ania kaseini, nayo ikashindwa kushikana vizuri. Mtengeneza jibini analia, lakini tumbo halina neno. Nalo huyagandisha maziwa kwanza, kwa asidi na pepsini, kimeng'enya chake cha kukata protini, ndipo liyameng'enye. Bonge gumu huliwa polepole kutoka nje. Bonge laini pepsini hupenya upesi. Na beta-laktoglobulini, moja ya zile protini za majimaji, ikiwa mbichi, pepsini huitazama tu. Ikishakunjuka, inakatika.

Namwona anayetaka kusema, "Mbona ndama anakunywa mabichi na ananenepa?" Ndama! Ndama hanunui maziwa yaliyopita madumu matatu na bodaboda. Wewe unaweza kunywa na vijidudu vya brusela humohumo, ile homa inayotoka kwa mifugo, na kifua kikuu cha ng'ombe.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Maziwa ya pakiti yasiyotaka friji yamepitishwa nyuzi 135 na zaidi kwa sekunde chache. Bonge lake nalo ni laini. Mtindi unafika tumboni umeshaganda, bakteria wameshaanza kuikata protini. Lakini msinielewe vibaya, moto una mpaka. Yakikaa jikoni mpaka yakageuka kahawia, sukari yake imeshaikamata laisini, kijenzi kimoja cha protini ambacho mwili unakihitaji, na mwili hauipati tena. Yakifoka, epua.

Maswali tuyamalizie kwenye chai. Na wewe dada, hiyo glasi ya kwanza usiionje.