Bibi, mjukuu na kimono: karate kwenye ukumbi wa kanisa

GIDIONI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nimekuja na kesi ya nyumbani kwangu. Binti yangu ana miaka tisa, anataka karate. Na si karate ya mbali, ni hapo hapo ukumbi wa kanisa, Jumamosi, na mwalimu ni huyu mwenzangu niliyekaa naye mezani.

REHEMA: Kwa hiyo leo mimi ndiye mshtakiwa.

GIDIONI: Wewe shahidi tu, dada Rehema. Mshtaki ni mama yangu. Katoka Moshi kuja kutusalimia, kamkuta mjukuu sebuleni anapiga mateke pazia. Akauliza ni nini, akaambiwa karate. Akanyamaza mpaka tumemaliza kula. Ndipo akasema, "Gidi, huyu mtoto mmeshamwombea?"

REHEMA: (anacheka) Mama ana haki ya kushtuka, usimcheke. Ngoja nikupe kisa cha Sanchin.

GIDIONI: Sanchin ndiyo nini?

REHEMA: Ni kata. Kata ni mfululizo wa mapigo unaocheza peke yako, bila mpinzani. Sisi tunafanya mtindo wa karate uitwao Goju-ryu, na Sanchin ndiyo uti wa mgongo wake. Unasimama miguu imekaza, vidole vya miguu vimeng'ang'ania sakafu, ngumi inatoka taratibu kama inasukuma ukuta. Na pumzi inatoka hivi… haaaaaaah.

GIDIONI: Ee Mungu wangu. Wasikilizaji, hiyo si spika imeharibika.

REHEMA: Sasa fikiria watu kumi na wawili, saa moja jioni, mvua inanyesha, umeme umekatika, wote wanatoa sauti hiyo gizani. Chumba cha pili akina mama wako kwenye maombi. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, tochi ya simu usoni, "Katika jina la Yesu!" Na senpai wetu mmoja, yaani mwanafunzi wa siku nyingi, bila kufikiri, akaitikia, "Amina!"

GIDIONI: (anacheka sana) Hapo si ndiyo wakajua kabisa pepo amejibu!

REHEMA: Jumapili iliyofuata nikaitwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Wakanihoji mambo matatu: mikanda, kufumba macho, na kuinama. Mzee mmoja alisikia kwamba mkanda mweusi una roho yake, mtu havikwi mpaka amefanyiwa tambiko.

GIDIONI: Hilo hata mimi nimelisikia, mtaani kwetu.

REHEMA: Mikanda ni jambo la juzi tu, kaka. Funakoshi, yule mwalimu aliyetoka Okinawa kwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate, alitoa mikanda mieusi ya kwanza mwaka 1924. Na utaratibu wenyewe aliuazima kwa Kano, mwanzilishi wa judo. Ni kama madaraja ya shule. Mkanda wangu wa kahawia niliununua dukani pamoja na soksi.

GIDIONI: Haya, mikanda tumepita. Kufumba macho?

REHEMA: Mwanzo na mwisho wa mazoezi mnapiga magoti, mnakaa kimya, macho mmefumba. Wanaita mokuso. Kwenye dojo nyingine, yaani kumbi za mazoezi, mwalimu atakwambia uondoe mawazo yote kichwani. Mimi nikiwaambia watoto wa miaka minane waondoe mawazo yote, wanasinzia. Wawili wanaanguka kabisa. Kwa hiyo tunakaa kimya dakika moja, tunavuta pumzi, halafu mtoto mmoja anaomba. Wazee walilikubali bila maneno.

GIDIONI: Lakini kuinama.

REHEMA: Kuinama ndiko kulikotukalisha pale mpaka saa nne usiku.

GIDIONI: Kwa sababu hapo hata mimi nina wasiwasi, nisikufiche. Nimefundishwa tangu shule ya Jumapili: Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuinama mbele ya sanamu ya mfalme. Basi.

REHEMA: Sawa. Ila Ibrahimu aliinama mbele ya wana wa Hethi alipotafuta shamba la kumzika Sara. Mwanzo 23. Wapagani wale, na aliinama mara mbili. Na wewe mwenyewe ukimsalimia mama yako asubuhi unasimama wima kama mlingoti?

GIDIONI: Hiyo ni heshima.

REHEMA: Na sisi tunasema ni heshima. Lakini sitaki kukurahisishia, kwa sababu si kila kuinama kwenye dojo kunaelekea kwa mtu. Kuna dojo za Japani zenye kijimadhabahu cha Kishinto ukutani, wanakiita kamidana, na darasa zima linageukia huko kwanza. Nyingine zimetundika picha ya mwanzilishi aliyekwisha kufa. Hapo mwalimu akiniambia "ni adabu tu", namwuliza, adabu kwa nani?

GIDIONI: Afadhali unasema wewe.

REHEMA: Na Wakristo wa Japani waligombana juu ya hili kabla yetu. Uchimura Kanzo, mwalimu wa shule kubwa Tokyo. Mwaka 1891 wameitwa kwenye sherehe ya hati ya elimu yenye sahihi ya mfalme. Kila mwalimu anapanda jukwaani, anainama mpaka chini mbele ya karatasi. Zamu yake ikafika. Akasitasita, akainamisha kichwa kidogo tu.

GIDIONI: Kidogo tu?

REHEMA: Kidogo tu, na nchi ikachafuka. Magazeti yakamwita msaliti, akapoteza kazi. Halafu mwaka 1936 Roma ikawaambia Wakatoliki wa Japani kwamba heshima za kiserikali kwenye mahekalu ya Shinto wanaweza kuzitoa, maana ni uzalendo, si ibada. Wakatoliki wakapumua. Lakini Korea, iliyokuwa chini ya Japani, kuna mchungaji wa Kipresbiteri wa Pyongyang, Ju Ki-chol, aliyesema hapana. Akafia gerezani mwaka 1944.

GIDIONI: Kwa hiyo nani alikuwa sahihi?

REHEMA: Ninavyoona mimi, yule wa gerezani alijua anachoombwa. Ile ilikuwa amri ya dola, na nyuma yake kulikuwa na mungu. Ila simuhukumu aliyeinama. Kwenye Biblia kuna Naamani, jemadari wa Shamu. Ameponywa ukoma, ameapa kutomtolea sadaka mungu mwingine, halafu anamwambia nabii Elisha: bwana wangu akiingia nyumba ya mungu wao Rimoni akiuegemea mkono wangu, nami nikainama, Bwana anisamehe. Unakumbuka Elisha alijibu nini?

GIDIONI: "Enenda kwa amani."

REHEMA: Basi. Wala hakumhubiria.

GIDIONI: Mh. Sasa kwenye ukumbi wetu mnainamia nini? Maana pale mbele kuna mimbari, spika za kwaya na kalenda ya akina mama.

REHEMA: (anacheka) Mwanzoni tuliinamia hizo hizo. Kwa mazoea. Mwalimu wangu alinifundisha mbele kwanza, kisha mwalimu, kisha wenzako. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, pale mnaheshimu kinanda?" Nikakosa jibu. Tangu siku hiyo tunasimama mistari miwili, nyuso kwa nyuso, tunainamiana. Mtoto anamwinamia mtoto atakayepigana naye.

GIDIONI: Ngoja, nikubane hapo. Kama kulikuwa hakuna kitu, mbona mmeacha kuinamia mbele?

REHEMA: Kwa ajili ya mama yako. Paulo kwenye 1 Wakorintho 8 anasema sanamu si kitu, halafu anasema lakini nyama iliyotolewa kwa sanamu ikimkwaza ndugu yangu, sili. Mimi sikuondoa kwa kuogopa pepo. Niliondoa kwa sababu nilikuwa nainama bila kujua nainamia nini.

GIDIONI: Na wale wanaosema kuna karate ya Kikristo kabisa? Nasikia Marekani mtoto hapandi mkanda bila kukariri mistari.

REHEMA: Zipo shule za namna hiyo. Mimi sizipendi sana, unisamehe. Mtoto anakariri Zaburi 144, "Anifundishaye mikono yangu vita, vidole vyangu kupigana", kisha anakwenda kumtandika mdogo wake akiwa na andiko mkononi. Tena ukitaka andiko, Paulo ametupiga dongo waziwazi: "Napigana ngumi vivyo hivyo, si kama apigaye hewa." Sisi kata nzima tunapiga hewa!

GIDIONI: (anacheka) Hapo mmekwisha. Lakini dada, swali kubwa bado. Shavu la pili, lile Yesu alilosema tuligeuze.

REHEMA: Simama. Hebu simama, maikrofoni itatusikia. Nipige kofi shavu la kulia, kwa mkono wako wa kulia. Polepole!

GIDIONI: Hivi… hapana, kiganja kinafika la kushoto. Hivi? Naona haiwezekani, labda nigeuze mkono.

REHEMA: Umeona? Unapiga kwa mgongo wa kiganja. Sisi tuna pigo la namna hiyo, uraken, linapigwa kwa mgongo wa ngumi. Yesu alitaja shavu la kuume hasa. Kofi la namna hiyo bwana humpiga mtumwa, kumdhalilisha. Si mtu anayekuja na panga kukuua.

GIDIONI: Huo ni ujanja wa wahubiri, dada. Mstari unataka tusirudishe kisasi, wewe unanipeleka kwenye anatomia.

REHEMA: Pengine. Lakini Yesu mwenyewe alipopigwa kofi kwa kuhani mkuu hakutoa la pili, wala hakurudisha. Aliuliza, "Wanipigia nini?" Mimi hilo swali ndilo ninaloshindwa, si shavu.

GIDIONI: Unashindwaje?

REHEMA: Nilikuwa na mkanda wa kijani. Niko kwenye daladala, konda kakatalia chenji yangu, shilingi mia mbili. Kanijibu kwa kunikejeli, abiria wakacheka. Nikaangalia mkono wangu, umeshafungwa. Kidole gumba nje, kiwiko kimerudi ubavuni, kama nilivyofundishwa. Sikuuambia. Ulijifunga wenyewe. Kwa shilingi mia mbili, kaka Gidi.

GIDIONI: Ukafanyaje?

REHEMA: Nilishuka kituo kisicho changu. Nikatembea mpaka nyumbani. Kuna kauli ya Funakoshi kila mwanafunzi anaijua, karate ni sente nashi, kwenye karate hakuna pigo la kwanza. Nilikuwa naisema kila siku kama kasuku. Wazee hawakuniuliza hilo hata kidogo, walikazana na mikanda.

GIDIONI: Na watoto? Unawafundishaje wasifungwe mkono namna hiyo?

REHEMA: Wanapiga ngumi, mwenzake amesimama mbele, na ngumi lazima isimame karibu na pua bila kugusa. Akigusa anaanza upya, na anamwomba msamaha kwa jina. Binti yako atalia wiki ya kwanza. Wote hulia, si kwa kupigwa, kwa kurudia rudia kusimama.

GIDIONI: Sasa nimwambie nini mama?

REHEMA: Usimwambie kitu. Yuko mpaka lini?

GIDIONI: Mpaka mwisho wa mwezi.

REHEMA: Jumamosi saa tatu asubuhi mlete. Nitamwekea kiti cha plastiki pale mlangoni, penye upepo. Na kimono, vazi la karate, usinunue kwanza, fulana na suruali ya michezo inatosha. Ila Sanchin hatutafanya siku hiyo.

GIDIONI: Tafadhali sana.