Tazama Mikono, Usitazame Shabaha: Mhadhara kwa Wanaowasimamia Wamiliki Wapya wa Bunduki

Mwenyekiti wa kikao, wasimamizi wenzangu wa viwanja vya shabaha, nanyi wapigaji wa siku nyingi mliokubali kujitolea kuwaongoza wageni, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mtu aliyenunua bunduki karibuni, mwenye kibali halali lakini asiye na mazoea, ili apige risasi zake na kurudi nyumbani akiwa mzima, nasi tubaki wazima. Hatari ya mgeni haiko sana katika ile nukta anapofyatua akiwa amelenga, kwa kuwa wakati huo mtutu umeelekea kwenye ukingo wa udongo na akili yake yote iko mbele. Hatari iko katika vipindi vya katikati: anapoitoa bunduki mkobani, anapojaza magazini, kile kisanduku cha risasi, risasi inapokataa kulipuka, anapogeuka kutuonyesha furaha yake, na anapodhani kwamba amekwisha kumaliza. Hivyo ndivyo vipindi ambavyo wengi wetu huwa tunatazama shabaha kuona amepata wapi, ilhali tungepaswa kutazama mikono yake.

Nianze na mapokezi. Ukimuuliza mmiliki mpya kama anajua kuitumia bunduki yake, atajibu kwamba anajua, na hatakuwa amekusudia kukudanganya. Mtu aliyetoa fedha zake, akapitia taratibu zote za kibali na kuja uwanjani mbele ya watu anaowaona kuwa mabingwa, huona haya kukiri kwamba hajui hata kidude cha kutolea magazini kiko upande gani. Kwa hiyo mimi niliacha kuuliza swali hilo miaka mingi iliyopita. Badala yake huiweka silaha juu ya meza, mtutu ukielekea upande wa shabaha, kisha humwomba kwa upole anionyeshe jinsi anavyohakikisha kwamba iko tupu. Katika nusu dakika ile nitajua karibu kila ninachohitaji kujua: kidole chake kinakaa wapi, mtutu unazunguka kwenda wapi anapotafuta kitufe, na kama anaelewa tofauti kati ya magazini iliyo tupu na bunduki iliyo tupu.

Hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu kosa hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote. Katika bastola nyingi zenye magazini, kuchomoa magazini hakuondoi risasi ambayo tayari imeingia ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Mgeni huichomoa, huiona mkononi mwake, na moyo wake hutulia, wakati bastola ile bado inaweza kuua. Kosa la pili ni pacha wa lile la kwanza, nalo ni gumu zaidi kuligundua kwa kuwa vitendo vyote vinafanyika ila mpangilio wake umegeuzwa: mtu huvuta kwanza slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayosogea nyuma na mbele, risasi ikaruka nje, akaridhika, kisha ndipo akachomoa magazini. Hajui kwamba slaidi iliporudi mbele ilichukua risasi nyingine kutoka magazini na kuiingiza chemba. Mfundisheni basi kwamba magazini hutoka kwanza, slaidi huvutwa baadaye na kufungwa ikiwa nyuma, halafu chemba hutazamwa kwa macho na, kama mwanga ni hafifu, hupapaswa kwa ncha ya kidole kidogo. Na mweleze sababu, kwani mtu anayejua kwa nini mpangilio uko hivyo hausahau upesi kama yule aliyekaririshwa.

Kuhusu kanuni zenyewe za usalama, bila shaka mnazijua zile nne zilizosambazwa na Mmarekani Jeff Cooper, ambaye mwaka 1976 alifungua shule ya upigaji huko Arizona: kuichukulia kila bunduki kuwa ina risasi, kutoelekeza mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kutoweka kidole kwenye triga mpaka umelenga, na kuijua shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Uzuri wake ni kwamba zinalindana, maana kwa kawaida mtu huumia pale mbili zinapovunjwa kwa pamoja. Anayefyatua kwa bahati mbaya huku mtutu ukielekea ukingoni ameaibika tu. Hiyo ya nne wageni huipuuza kwa sababu wanaona ukingo mbele yao, lakini hata risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, kwa hiyo mtutu ulioinuliwa juu ya ukingo wakati wa kukoki haulindwi na udongo wowote.

Kanuni ya kidole inahitaji maelezo zaidi ya amri. Mgeni hudhani tunamkataza kugusa triga kwa sababu tunaogopa ataivuta kwa makusudi, naye anajua hana nia hiyo, hivyo katazo linamwingia sikio moja na kutokea la pili. Mweleze kwamba mwili wenyewe ndio unaomsaliti. Mtu akishtuka, vidole hukunja. Akijikwaa na kutaka kujizuia asianguke, vidole hukunja. Na mkono mmoja unapokaza kwa nguvu, kama vile wa kushoto unapong'ang'ana na slaidi ngumu, mkono wa kulia nao hukaza bila kuamriwa. Kwa hiyo kidole kinanyooshwa ubavuni mwa bunduki, palipo juu zaidi ya triga bila kuigusa, ili mwili utakaposhtuka kisikute cha kukunjia. Nimeona wageni wakibadilika mara tu wanaposikia maelezo haya, kwa sababu sasa hatuwashuku wao bali tunazungumzia mishipa ambayo kila binadamu anayo.

Sasa nije kwenye nafasi ya msimamizi. Simama upande wa mkono wake wa kufyatulia, nyuma kidogo ya bega, karibu kiasi cha kuufikia mkono wake bila kupiga hatua. Ukisimama nyuma kabisa utauona mgongo wake tu, na ukisimama mbele ya mstari wa wapigaji hata kwa nusu hatua umeingia palipo na hatari. Na hapa kuna kosa ambalo sisi wenyewe tunalifanya kwa nia njema: mgeni anapokosea, tunamwita jina. Mtu aliyevaa vizuia sauti masikioni akisikia jina lake kwa mbali hugeuka kutafuta aliyemwita, na bunduki hugeuka pamoja naye. Niliwahi kufanya hivyo mimi mwenyewe, nikiwa bado kijana katika kazi hii, na kwa nukta mbili hivi nilitazama ndani ya mtutu wa bastola ambayo sikujua imebakiwa na risasi ngapi. Tangu siku ile simwiti mtu aliyeshika silaha kwa jina. Husema neno moja tulilokubaliana kabla, "Acha!", naye anajua kwamba maana yake ni kutulia kama alivyo, akitazama mbele, kidole kikiwa nje. Akianza kugeuka, huweka kiganja changu kwenye mkono wake na kuusukuma urudi mbele, wala simnyang'anyi bunduki, maana kunyang'anyana silaha yenye risasi ni hatari nyingine mpya.

Kinachowageuza wageni mara nyingi ni mambo mawili, furaha na ganda la moto la risasi iliyokwisha kufyatuliwa. Furaha inaeleweka: amepata katikati ya shabaha, na rafiki yake yuko nyuma. Mwambie mapema kwamba atashangilia akishaiweka bunduki mezani. Ganda la moto linawashangaza hata waliokomaa, kwani bastola hulitema likiwa limepata joto la baruti, na likiingia ndani ya kola ya shati lililo wazi mtu huanza kurukaruka na kujipapasa huku silaha ikizunguka hewani. Shati lenye kola iliyofunga shingo na kofia yenye ukingo mbele vinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, lakini kinachobaki ni kumwambia waziwazi: litakuunguza kidogo, vumilia, weka bunduki chini kwanza.

Katika kufyatua kwenyewe sina maneno mengi, ila moja nalisisitiza: mara ya kwanza mgeni apewe risasi moja tu. Bastola inayojijaza yenyewe iko tayari kufyatua tena papo hapo, na mtu asiyezoea msukumo wake huweza kukaza mkono kwa mshtuko na kuivuta triga mara ya pili wakati mtutu umeshainuka kuelekea angani au, vibaya zaidi, kuelekea kwake mwenyewe. Risasi moja inamruhusu ashtuke bila madhara. Anapoonyesha kwamba ameutawala msukumo, mpe mbili, kisha tano, na uanze na silaha yenye msukumo mdogo hata kama ile aliyoinunua ni kubwa. Mwezi Agosti 2014, katika uwanja mmoja wa jimbo la Arizona nchini Marekani, mwalimu aliuawa na mwanafunzi wake, mtoto wa kike wa miaka 9, ambaye alikuwa amepiga risasi moja moja kwa bunduki fupi ya rashasha iitwayo Uzi kabla ya silaha hiyo kuwekwa kwenye hali ya kufyatua mfululizo. Msukumo uliinua mtutu na mtoto hakuweza kuuzuia. Mwalimu alikuwa amesimama karibu yake, upande wa kushoto. Sikumbushi tukio hilo ili kumlaumu mtu, bali kwa sababu linaonyesha jinsi hatua moja ya kupanda ngazi, ikichukuliwa mapema, inavyofuta tahadhari zote zilizotangulia.

Wakati mwingine mgeni atavuta triga na hakutatokea mlipuko. Silika yake itamtuma kuinua bunduki karibu na uso na kuitazama, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote anayoweza kufanya, kwa kuwa baruti huweza kuchelewa kuwaka. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, na angoje angalau sekunde 30, wengine hungoja dakika nzima, kabla ya kufungua chemba na kuitoa risasi ile. Hali nyingine ni ya hila zaidi, nayo inamtegemea msimamizi kwa sababu mgeni hana cha kulinganisha nacho: mlio unatoka lakini ni hafifu, kama kizibo kinachochomoka, na msukumo haupo. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikifuatia, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwake. Sikilizeni kila mlio, na ukisikia ulio dhaifu simamisheni upigaji, hata kama mpigaji anasisitiza kwamba mambo ni sawa.

Kagueni pia risasi anazokuja nazo, hasa mwenye bunduki ya marisau. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba zaidi. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko chemba ya geji 12, kwa hiyo huteleza ikapita chemba na kukwama mbele ndani ya mtutu; mpigaji huona chemba tupu, hutia ya geji 12 nyuma yake, na matokeo mnayajua. Ndiyo maana risasi za geji 20 kwa kawaida hutengenezwa kwa rangi ya njano. Mtu anayemiliki bunduki mbili zenye geji tofauti alete moja tu kwa siku.

Vifaa vya kinga sitavikalia. Miwani ivaliwe na kila aliyepo, pamoja na watazamaji. Mlio wa bunduki nyingi hufika desibeli 140 na kuendelea, kiwango ambacho mlipuko mmoja unaweza kuharibu usikivu, na ndani ya jengo ni busara kuvaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Risasi nazo huacha vumbi la madini ya risasi, yaani ledi, ambayo ni sumu, kwenye mikono na nguo, kwa hiyo hakuna kula wala kuvuta sigara kwenye mstari, na mikono huoshwa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kuondoka. Mwenye watoto wadogo nyumbani abadilishe nguo kabla ya kuwapakata.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nakiri kwamba wageni wamenitibu. Wakati wa kwenda kubadilisha shabaha, bunduki zote huwekwa mezani zikiwa wazi na tupu, na hakuna anayezigusa, hata kwa kuzifuta vumbi, mpaka wa mwisho arudi nyuma ya mstari. Sisi wazoefu ndio tunaovunja sheria hii, kwa kuwa tunajua tulichokishika. Mgeni hajui kwamba sisi tunajua. Anachokiona ni mtu mzima anayeheshimiwa akishika bunduki huku watu wako mbele, naye atakwenda kufanya vilevile.

Baada ya mapumziko tutatoka nje tukafanye zoezi kwa vitendo, wawili wawili. Mmoja atacheza mgeni, na mwenzake atamjazia magazini kwa kuchanganya risasi halisi na za bandia bila kumwonyesha, ili bunduki ikatae kulia wakati asioutarajia. Hapo tutaona nani anainamisha mtutu kabla ya mlio, na nani anaigeuza bunduki kuitazama. Aliye msimamizi atapewa alama kwa kile atakachoweza kunieleza kuhusu mikono ya mwenzake, na nitazikunja karatasi za shabaha kabla hajaziona. Tafadhali leteni silaha zenu zikiwa tupu, ndani ya mikoba, na msizifungue mpaka tuwe kwenye mstari.