Nyoka wa Bustanini na Hila ya Maneno

Waheshimiwa mapadri, masheikh wetu mlioitikia mwaliko, walimu na ndugu zangu, assalamu alaykum, na amani ya Bwana iwe nanyi.

Nimeombwa nizungumzie nyoka kama ishara ya hila na uovu katika Maandiko ya Kikristo. Kwa kuwa tumekutana hapa Mkunazini, Unguja, ambapo wengi wenu mmepitia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kabla ya kuingia skuli, nianze na jambo linalowashangaza hata Wakristo wenyewe: kitabu cha Mwanzo hakisemi popote kwamba nyoka yule alikuwa Shetani. Sura ya 3 inamtaja kuwa mmoja wa wanyama wa mwitu walioumbwa na Mungu, mwerevu kuwashinda wenzake, basi. Kauli iliyo wazi ya kumuunganisha na Ibilisi imo katika Ufunuo, sura ya 12, ambako joka kubwa linaitwa nyoka wa zamani, audanganyaye ulimwengu wote.

Ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba katika Surat al-A'raf na Surat Taha hakuna nyoka kabisa. Shetani mwenyewe ndiye anayewatia wasiwasi Adam na mkewe. Yule nyoka wa hadithi, aliyemwingiza Iblis Peponi akiwa amemficha kinywani, yumo katika masimulizi yaliyonukuliwa na mwanazuoni at-Tabari, wala si katika aya. Nayasema haya ili tusije tukagombana barazani kwa jambo ambalo vitabu vyenyewe havikuligombania.

Sasa tumsikilize nyoka anavyosema, maana hapo ndipo penye kazi yetu. Mungu alikuwa amemruhusu Adamu ale matunda ya kila mti isipokuwa mmoja. Nyoka anamjia mwanamke na kuuliza: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, msile matunda ya miti yote ya bustani?" Hajasema uongo bado, ameuliza tu, kama dalali wa kiwanja anayekuuliza kwa upole iwapo jirani yako amekuonyesha hati zote. Lakini swali lenyewe limekwisha kuigeuza ruhusa pana ikawa katazo, na Hawa, katika kumsahihisha, anaongeza la kwake, kwamba hata kuugusa mti ule wamekatazwa, jambo ambalo halimo katika agizo la sura ya 2.

Linalofuata ni zito zaidi. Nyoka anaahidi mambo matatu: hamtakufa, macho yenu yatafumbuliwa, na mtakuwa kama Mungu mkijua mema na mabaya. Someni mbele kidogo. Aya ya 7 inasema macho yao yalifumbuliwa kweli. Aya ya 22 Mungu mwenyewe anasema mtu amekuwa "kama mmoja wetu" kwa kujua mema na mabaya. Na Adamu hakuanguka akafa jioni ile, bali sura ya 5 inampa umri wa miaka 930. Basi uongo uko wapi? Kwa maoni yangu, uko katika yale aliyoyanyamazia: aibu, jasho, uchungu wa kuzaa, kufukuzwa bustanini, na kaburi lililocheleweshwa tu. Paulo alipowaandikia Wakorintho barua ya pili, aliogopa udanganyifu wa namna hii hii, yaani fikra za waumini kuharibiwa na wahubiri wenye maneno mazuri, na ndiyo maana akawakumbusha hila iliyompata Hawa.

Tazameni pia ni nani walioitwa nyoka katika Injili ya Mathayo. Yohana Mbatizaji aliwaita uzao wa nyoka Mafarisayo na Masadukayo waliokuja kwenye ubatizo wake, na katika sura ya 23 Yesu akalirudia neno hilo kwa waandishi na Mafarisayo. Hawakuwa wezi wala wauaji wa njiani; walikuwa watu wa dini na elimu, kama sisi tuliokaa viti vya mbele.

Hata hivyo, Yesu huyo huyo aliwaagiza wanafunzi wawe na busara kama nyoka. Na jangwani Musa aliinua nyoka wa shaba ili walioumwa na nyoka wamtazame wapone, mfano ambao Injili ya Yohana, sura ya 3, inautumia kwa kuinuliwa kwa Kristo. Baadaye watu wakaanza kukifukizia uvumba kitu kile, hata Mfalme Hezekia akakivunja vipande vipande.

Nimeletewa kikaratasi kinachouliza kama Mkristo ana wajibu wa kumuua kila nyoka amwonaye, kwa sababu ya laana ya Mwanzo 3. Hapana. Laana ile inataja uadui baina ya uzao wa nyoka na uzao wa mwanamke, wala haimwamuru mtu kushika panga. Chatu wa msitu wa Jozani hajamdanganya mtu yeyote, mwacheni apite.