Usiisugue kwanza! Kuuza revolva adimu bila kupunjwa

DADA: Haya karibuni tena jamani, leo salamu fupi maana kuna msikilizaji katutumia picha nane na swali moja, na kaka yangu hapa toka jana hajatulia.

KAKA: Sijatulia kweli. Huyu ndugu yetu kaachiwa revolva na marehemu babu yake, Smith & Wesson kubwa ya .357 Magnum, ya zamani, na anauliza aipeleke ikapakwe rangi upya kabla hajaitafutia mteja, kwa sababu mtutu umefifia pembeni, ule mfifio wa kuingia na kutoka kwenye ala ya ngozi miaka na miaka. Ndugu yangu kama unanisikia, weka chini hiyo kitu. Usiiguse.

DADA: Kabla ya rangi, ameangalia kama ina risasi?

KAKA: Asante, hilo ndo la kwanza kabisa. Hizi za kufungua silinda pembeni ni rahisi, unafungua unaona. Shida ni zile za kale za baruti, zinazoshindiliwa kwa mbele, hizo mtu anaweza kukaa nayo kabatini miaka akidhani tupu kumbe baruti na risasi ya mwenye nayo wa kwanza bado zimo, kwa hiyo unachukua kijiti unapima kina cha kila tundu la silinda, na kama huelewi unachokiona unampelekea fundi. Hapo hapana mchezo.

DADA: Sawa. Sasa rangi, kwa nini asipake? Gari ukitaka kuuza si unalisafisha?

KAKA: Gari ndiyo. Ila mkusanyaji hanunui chuma, ananunua uso wa chuma kama ulivyotoka kiwandani. Ile bluu ya asili, yaani rangi ya chuma iliyotiwa kiwandani, hata ikiwa imebaki asilimia 60 ni bora kuliko bluu mpya asilimia 100, na sisemi bora kidogo, mara nyingi ukipaka upya thamani inakatika nusu, na kwenye adimu inakatika zaidi ya hapo. Na wataijua. Wanainamisha bunduki kwenye mwanga wa dirishani, wanaangalia kingo, kiwandani kingo zinakuwa kali kama za rula, ukishapitisha mashine ya kung'arishia zinakuwa laini laini. Tundu la skrubu linabonyea kama kisosi. Herufi za mtutuni, zile zilizogongwa, zinafifia upande mmoja.

DADA: Unaongea kama mtu aliyeumia.

KAKA: Niliumia. Nilikuwa na Colt Navy ya 1851, revolva ya kale ya baruti, ile silinda yake imechorwa mapigano ya meli, jeshi la maji la Texas na la Mexico, na chini kuna maneno na tarehe, 16 Mei 1843. Yangu ilikuwa na kutu nyepesi, kahawia hivi, na meli ulikuwa unaziona bado ukigeuza taratibu, matanga unayaona. Nikachukua msasa laini na mafuta, nikakaa jioni nzima. Kutu ikatoka na meli zikatoka nayo. Mnunuzi aliyekuwa ameshaniahidi alipoishika aliizungusha silinda mara moja tu, akanirudishia, akasema pole. Hakuna fundi wa kunirudishia zile meli.

DADA: Pole sana kaka. Kwa hiyo kutu afanye nini?

KAKA: Mafuta mepesi na kitambaa cha pamba, basi. Na skrubu aziache, maana bisibisi isiyokaa sawasawa inakwangua vichwa, na kichwa cha skrubu kilichokwanguliwa ni kama barua inayosema humu ndani mtu kaingia.

DADA: Tuje kwenye neno lenyewe sasa, adimu. Kila mtu mwenye ya babu yake anasema yake ni adimu.

KAKA: Na wengi sio uongo, ila uchache peke yake haulipi. Chukua mifano miwili. Colt Walker ya 1847, zilitengenezwa kama 1,100 tu, 1,000 za serikali ya Marekani na 100 hivi za kuuzia raia, chuma cha karibu kilo mbili kile. Kwenye hizo zilizobaki, kuna moja ina kasha lake, na hiyo mwaka 2018 ilikwenda mnadani kwa dola milioni 1.84. Hapo ni uchache, hali, na kasha. Sasa chukua ya pili, Colt Single Action Army, hizo toka 1873 mpaka vita ya pili zilitoka zaidi ya laki tatu na nusu, tele. Lakini mojawapo ndo ile sherifu Pat Garrett aliyompigia jambazi Billy the Kid mwaka 1881, na mwaka 2021 imeuzwa Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6.

DADA: Milioni sita kwa bunduki ambayo dada zake wamejaa.

KAKA: Kwa sababu ya makaratasi! Watu wangapi wanasema hii ilikuwa ya jambazi fulani? Ile ya Garrett ina njia yake imeandikwa, mpaka mjane wake aliwahi kwenda mahakamani kuidai huko El Paso, Texas, na akashinda. Kesi ya mirathi, leo ndo ushahidi. Simulizi ya mdomo ya mjomba ni nzuri sana kwenye msiba, ila mnadani haiongezi hata senti kama hamna karatasi nyuma yake.

DADA: Na kama karatasi hamna kabisa?

KAKA: Unaomba barua ya kiwanda. Colt wana kitengo cha kumbukumbu, Smith & Wesson wana taasisi yao ya historia, unatuma siriali namba na ada, wanakufungulia madaftari ya zamani wanakwambia ilitoka tarehe gani, mtutu inchi ngapi, rangi gani, ilipelekwa kwa nani. Hiyo ndo hela nzuri kuliko zote utakayotumia. Sema Colt za kale kumbukumbu zina mapengo, kiwanda chao cha Hartford kiliungua Februari 1864, kwa hiyo usishangae wakikujibu hawana.

DADA: Nataka kuuliza hili la namba, maana nimeona watu wakikuta namba hazilingani wanakata tamaa.

KAKA: Kwa kawaida wana haki, fremu namba nyingine, silinda nyingine, maana yake kuna kitu kimebadilishwa. Ila jeshi la Marekani kuanzia miaka ya 1890 lilikusanya Colt zake za zamani za mtutu wa inchi 7 na nusu, zikakatwa kuwa 5 na nusu, na walipounganisha hawakujali kipande kipi cha nani. Zile wanaziita Artillery. Hizo namba kuchanganyika ndo kawaida yake. Ila kama unayo ya wapanda farasi ambayo haikukatwa na namba zote ni moja, hapo kaa kitako, halafu uwe makini mara mbili, hasa ikiwa na herufi OWA za mkaguzi Ainsworth, maana zinatafutwa mno kwa kuhusishwa na kikosi cha Custer, yule kamanda wa wapanda farasi aliyeuawa vitani Little Bighorn mwaka 1876, na kinachotafutwa ndo kinachoghushiwa.

DADA: Turudi kwa huyu ndugu. Ya kwake ni ipi hasa?

KAKA: Ndo sababu sijatulia. Picha ya tano, silinda imefunguliwa, ukiangalia pale kwenye fremu unapokaa ule mkono unaobeba silinda, nimeona kama herufi tatu, R, E, G, na namba baada yake. Picha ina ukungu. Lakini kama ni REG kweli, hiyo ni Registered Magnum.

DADA: Waeleze watu.

KAKA: .357 Magnum ilivyotoka 1935 Smith & Wesson walikuwa wanaitengeneza kwa oda, mteja anachagua mtutu kuanzia inchi 3 na nusu mpaka 8 na robo tatu, anachagua kitako, vya kulengea shabaha, inapewa namba ya usajili. Ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover wa FBI. Jenerali Patton alikuwa na yake, mpini wa pembe. Bei dola 60, wakati ambao watu hawana kazi. Ilipofika 1939 usajili ukakoma, na zilikuwa kama 5,500 tu. Kulikuwa na kadi, mnunuzi akiijaza na kuirudisha kiwandani analetewa cheti chenye jina lake, wengine hawakurudisha, kwa hiyo bunduki na cheti chake pamoja ni kitu kingine kabisa.

DADA: Ameandika pia kuna mwenye duka aliiona, hapo hapo akamtolea hela mezani.

KAKA: Anayekutajia thamani asiwe ndiye anayetaka kununua. Hilo tu. Mwenye duka simlaumu, lazima aache faida yake, lakini mlipe mtathmini asiye na haja nayo. Na usichanganye bei ya bima na bei ya sokoni, ya bima huwa juu. Na usisome bei ambazo watu wanaomba, soma zilizolipwa.

DADA: Na hata zilizolipwa zina mtego, mimi hesabu hizo nazifanya kila siku. Tuseme nyundo imegonga kwenye 20,000, mnunuzi anaongezewa asilimia 20 ya nyumba ya mnada, analipa 24,000, na hiyo 24,000 ndo inayotangazwa. Muuzaji anakatwa kamisheni, tuseme asilimia 10, anaondoka na 18,000. Ukitoa picha, bima na usafiri inapungua tena. Sasa mtu kasoma 24,000 kaenda nyumbani kapanga 24,000, siku ya malipo anadhani ameibiwa. Uliza kamisheni kabla ya kusaini, inaongeleka, hasa kitu chako kikiwa cha kugombewa. Na waambie waandike bei ambayo chini yake haiuzwi.

KAKA: Na sheria, usiipite. Marekani, silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 inahesabiwa ya kale na taratibu ni nyepesi kwa ngazi ya taifa, japo majimbo yana yao. Yake ni ya miaka ya 30, kwa hiyo ni silaha kamili, mara nyingi inapita kwa muuzaji mwenye leseni. Kwingine sheria ni nyingine kabisa, na kurithi tu bila kuandikisha tayari ni kosa sehemu nyingi. Aanzie hapo.

DADA: Subiri, subiri, ameandika sasa hivi. Nilimwomba asubuhi apige tena picha ya ile sehemu, mchana, dirishani, bila flashi.

KAKA: Leta.

DADA: Haya. Soma mwenyewe.

KAKA: R... E... G. Na tarakimu nne. Jamani. Na amesema nini hapo chini?

DADA: Anasema kuna bahasha ya babu kwenye sanduku la hati za shamba, bado hajaifungua, anauliza aifungue?

KAKA: Aifungue! Taratibu, kwa kisu, asiichane. Na bahasha yenyewe asiitupe.