Bibi wa Pompeii na tundu la utosini

Habari za jioni, wazee wangu na vijana. Naona viti vya mbele vitupu, kama desturi yetu. Sogeeni jamani, maana sanamu ninayowaonyesha pichani leo ni ndogo: sentimita 24, shubiri moja na kitu.

Mnamwona? Mwaka 1938 Amedeo Maiuri, msimamizi wa uchimbaji kule Pompeii, Italia, alimfukua bibi huyu kwenye nyumba iliyozikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Mji wenyewe wa Kirumi, Venus, mungu wao wa kike wa mapenzi, kachorwa kuta nzima. Lakini huyu si Venus. Mguu mmoja kaupitisha mbele ya mwingine, hana nguo ila mkanda kiunoni, mikono imejaa bangili, miguuni mitali. Ubavuni wamesimama wajakazi wawili wadogo na vyombo vya mapambo. Watu wa pwani hamhitaji mkalimani hapa. Huyu katoka Bara Hindi, na kachongwa kwa pembe ya ndovu.

Maiuri akampa jina: Lakshmi, mungu wa kike wa heri na utajiri. Jina likaganda. Wataalamu wengi leo wanaona ni yakshi, pepo wa kike wa miti na rutuba, na mimi niko upande wao. Ila kinachonikosesha usingizi si jina. Ni tundu. Utosini pametobolewa, tundu likashuka wima. Sasa, nani atamtoboa mungu wake utosini?

Wapo wanaosema alikuwa mpini wa kioo. Wengine, mguu wa meza ndogo au samani nyingine. Mimi nakubaliana na hao wa samani, kwa sababu ya chini yake. Kitakoni pana herufi ya Kharosthi, mwandiko wa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Muulizeni seremala yeyote anayeunda kitanda: kila mguu huupa alama yake, usije ukaingia tundu la mwenzake. Herufi peke yake, mahali pasipoonekana, mimi naisoma hivyo. Na kama ni hivyo, basi bibi alikuwa na wenzake.

Pale mlangoni nimeulizwa: pembe yenyewe je, ya kwetu? Taratibu. Bara Hindi lina ndovu wake, kwa hiyo msitoke hapa mkasema ilitoka Rufiji. Ninachoweza kusema ni kwamba karne ileile, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alieleza safari za bahari hii yetu katika kitabu kiitwacho Periplus. Anaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu hii, lililopewa jina kwa vyombo vyake vya bahari vya kushonwa, ndugu wa mtepe wetu. Pembe Rhapta ni tele, anasema, halafu anaongeza kuwa ubora wake haufikii ule wa pembe ya Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu. Dharau hiyo!

Wahindi baadaye waliamua vingine. Katika karne ya 19 pembe ya Afrika Mashariki ilipitia Unguja, ikapakiwa majahazi, kusi ikaipeleka Bombay. Mafundi wa kule waliipenda kwa weupe na ulaini wake, haipasuki ovyo chini ya msumeno. Wakaikata pete pete, zikawa bangili za maharusi. Mtazameni tena mkono wa bibi. Bangili zake za kuchonga tu, lakini mnaona mazoea yalivyo ya zamani.

Siku hizi yuko Napoli, jumba la makumbusho la taifa, ndani ya Gabinetto Segreto, yaani chumba cha siri, ambamo vitu vilivyoonwa vya aibu vilifungiwa. Kisa hana nguo! Kazungukwa na sanamu za uchi za Warumi, ambazo hazimhusu ndewe wala sikio. Ningekuwa na ufunguo, ningemhamishia chumba cha samani.